Swichibodi ya Duara

Nchi hii msiitafute kwenye ramani, mtachosha macho bure. Haipakani na kwenu. Ikitokea mkaona humu mkurugenzi anayefanana na wa kwenu, au koti lake, au namna yake ya kukohoa kabla ya kuongea, semeni tu kwamba duniani ni wawili wawili, kisha tuendelee.

Wananchi wa nchi hiyo waliwahi kulalamika kwamba serikali haiwasikilizi. Walilalamika miaka mingi, na kwa kuwa ilikuwa haiwasikilizi, ilichelewa kidogo kupata habari. Ilipozipata ilishtuka sana, na wiki hiyo hiyo ikaunda Wizara ya Usikivu. Ofisi hakuna, viti hakuna, basi Usikivu ukabandikwa kwenye wizara iliyokuwepo tayari, ikaitwa Wizara ya Mito, Vivuko na Usikivu. Juu ya lango wakaandika kwa rangi ya dhahabu: SEMA, TUNASIKIA. Chini ya maandishi hayo walimsimamisha askari wa kuwauliza watu wanakwenda wapi.

Kusikia kwenyewe kulifanywa na mtu mmoja tu, Bi. Somoe, opereta wa simu. Alikuwa mwanamke wa makamo, na sauti yake ndiyo ile ambayo ukiisikia asubuhi chai haihitaji sukari. Alikaa kwenye kijichumba chini ya ngazi, mbele ya swichibodi ya zamani, ubao uliojaa matundu na nyaya zenye ncha za shaba. Simu ikiingia kijitaa kinawaka. Unachomeka waya huku, unauliza ni nani mwenzangu, unachomeka ncha ya pili kule, watu wanaongea. Chombo chenyewe hakikuwa na ujanja zaidi ya huo.

Ujanja ulihitajika kwa watu. Maana nchi ile ilikuwa na adabu yake ya simu, nayo ni kwamba mdogo hutangulia kwenye laini, mkubwa huingia baadaye amkute mwenzake keshakaa anamngoja. Mkubwa kusema "halo" akakuta kimya ilikuwa fedheha ya kuitiwa wazee. Mkurugenzi akimpigia karani, hakuna taabu. Taabu ilikuwa mawaziri wawili wakitaka kuongea. Opereta wa huku anasema mweke wako, wa kule anasema mweke wako wewe kwanza, na saa zinakwenda. Kuna wawili waliotaka kupongezana siku walipoteuliwa. Wote wameshastaafu, na pongezi bado ziko njiani.

Bi. Somoe alikuwa na dawa yake. Alimwambia wa huku, mheshimiwa, mwenzako yuko kwenye laini anakungoja. Akamwambia wa kule maneno hayo hayo. Kisha akachomeka nyaya zote mbili kwa pamoja, na kila mmoja akaingia akiamini amengojwa. Serikali nzima iliendeshwa kwa kiuongo hicho kidogo, na ilikwenda vizuri tu.

Lakini lilikuwepo neno moja ambalo hakulifanyia mchezo. Mwananchi akipiga na shida yake, Bi. Somoe alimwambia, "Subiri kidogo." Angeweza kumsubirisha mpaka adhuhuri, huku anamtafuta mhusika ofisini, kantini, msibani, kwa mke mdogo. Akishampata, akishamweleza, na yule akishakubali kwa mdomo wake, ndipo Bi. Somoe aliporudi kwa mwenye shida akamwambia, "Nimekusikia." Kabla ya hapo halikumtoka. Huko mikoani watu walilijua hilo. Ukiulizwa shida yako imefikia wapi, ukajibu kwamba Somoe kasema amekusikia, watu waliacha kukupa pole wakaanza kukupa hongera.

Aliyelijua kuliko wote ni Mzee Nalinga, mlinzi wa kivuko cha Lukumba. Lukumba ni mto mpana, wa rangi ya udongo, wenye hasira za ghafla. Pantoni yake haikuwa na injini; watu waliivuta kwa mikono, ikijishikiza kwenye kamba ya chuma iliyofungwa kutoka ng'ambo hii mpaka ng'ambo ile. Kamba ikiwa nzima, abiria wazima. Hayo ndiyo yaliyokuwa maelezo yote ya kitaalamu ya kivuko kile. Kila asubuhi mzee alipiga simu kutoka kibandani kwake kueleza maji yako vipi na kamba iko vipi. Bi. Somoe alimwamkia, "Shikamoo, baba," mzee akaitika, "Marahaba, mwanangu," kwa kirefu, kama mtu anayejiweka sawa kitini, ndipo habari zinaanza. Hawakuwahi kuonana. Mzee alizoea kumwambia siku moja aende Lukumba, Mama Zaituni, mke wa mzee, ampikie kambale wa nazi, naye Bi. Somoe aliahidi kwamba likizo ikitoka atakwenda. Barua ya likizo yenyewe ilikuwa kwa Mkurugenzi, inasomwa.

Mwaka mmoja mafuriko yalikata nyuzi kadhaa za ile kamba. Mzee akapiga simu. Bi. Somoe alimsaka mhandisi wa vivuko mpaka akampata harusini, mdomo umejaa pilau, akamng'ang'ania mpaka akameza na kukubali. Akarudi kwenye laini. "Nimekusikia, baba." Kesho yake mafundi walifika na kamba mpya. Tangu hapo Mzee Nalinga akajiwekea kanuni yake: kamba ikimtia shaka, anaifunga pantoni kwa mnyororo, anapiga simu, na mnyororo haufungui mpaka alisikie lile neno kwa sauti ile.

Basi ikatokea Mheshimiwa Waziri akaenda ziara nchi za watu, na huko akaona swichibodi isiyo na nyaya. Ina vitufe na taa za rangi, na dada aliyekaa nyuma yake anabonyeza tu huku anatabasamu. Waziri alirudi na huzuni. Alilihutubia taifa, akasema kwa muda mrefu amekuwa akijiuliza ni nini kinachotuvuta nyuma, na sasa amejua: ni nyaya. Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kuchagua Swichibodi. Waliingia wakurugenzi wote, mtaalamu wa mapazia, na shemeji yake Waziri, aliyewawakilisha vijana kwa miaka yake hamsini na kitu. Bi. Somoe hakuwekwa, kwa sababu kamati ilikuwa ya watu wenye simu mezani, na yeye kwa hesabu za utumishi hakuwa na simu. Alikuwa na swichibodi tu.

Huko walikokwenda kununua walimkuta muuzaji mmoja, mtu mpole, mwenye subira ya daktari wa watoto. Aliwauliza kwa siku huwa zinaingia simu ngapi, zikizidi zinakwenda wapi, opereta wao anatumia zaidi mkono upi, macho yake yakoje, na je, wamekuja naye ili ajaribu. Wakurugenzi walitazamana kama watu walioulizwa jina la mpishi wa karamu. Bwana Ndimbo, Mkurugenzi wa Itifaki, akakohoa, akajibu kwa niaba ya wenzake.

"Sisi tuna swali moja tu. Taa ya nani inakaa juu?"

Muuzaji aliwaonyesha swichibodi yenye safu za taa. Wakaikataa, maana safu ya chini ilikuwa lazima iwe na mtu. Akawaonyesha yenye mstari mmoja. Wakaikataa hiyo pia, maana mstari una kulia na kushoto, na hakuna aliyekuwa tayari kuwa mkurugenzi wa mkono wa kushoto. Zikapita ndefu na fupi, za ukutani na za mezani, mpaka mwisho wakaona kwenye kona swichibodi ya duara, kubwa kama sinia la pilau la shughuli, taa zimezunguka pembeni. Kwenye duara hakuna wa juu wala wa chini. Walipiga makofi. Muuzaji aliwaonya kwamba ile ilitengenezwa kwa maonyesho. Opereta hatafikia upande wa pili bila kuinuka na kuzunguka. Wakamwambia asijali, mikono ipo.

Katikati ya duara kulikuwa na kitufe kimoja zaidi, na upande wa mbali kabisa taa yake, ambayo opereta akitaka kupokea mwenyewe ndiyo anaibonyeza. Muuzaji akawaeleza kwamba laini zikijaa, kitufe hicho humpokea mpigaji kwa sauti iliyorekodiwa, imtulize kwa dakika chache mpaka opereta arudi.

"Yaani mtu anajibiwa bila kujibiwa," alisema Bwana Ndimbo, na macho yake yakalowa kidogo.

Muuzaji akarudia kwamba ni kwa dakika chache tu, lakini kamati ilikuwa imeshaanza kupiga picha. Kitufe kile wakakiita Wananchi.

Swichibodi ya duara haikuingia kwenye kijichumba cha chini ya ngazi, ikawekwa katikati ya ukumbi wa mapokezi, juu ya zulia. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba hata duara lina juu, kutegemea nani amekaa wapi. Ikaamuliwa taa ya Waziri ielekee daima ofisi ya Waziri. Na Waziri alikuwa na ofisi mbili, ya asubuhi na ya alasiri, kwa sababu ya jua. Meza ikafungwa magurudumu, na ikawa mchana ukigeuka watumishi wanakuja kuizungusha, pamoja na kiti, pamoja na Bi. Somoe aliye juu ya kiti. Asubuhi alifanya kazi anatazama lango, alasiri anatazama choo cha wageni.

Dawa yake ya zamani nayo ilikufa. Simu mpya za wakubwa zilionyesha nani keshaingia kwenye laini na nani bado, kwa hiyo huwezi tena kumwambia mtu anangojwa ilhali hangojwi. Wakubwa wakakaa wanachungulia taa za wenzao, kila mmoja kidole kiko juu ya kitufe na hakibonyezi. Kutwa nzima Bi. Somoe alikuwa anabembeleza. Ndiyo maana, kwa huruma kabisa, Bwana Ndimbo akamwondolea simu za wananchi, asichoke. Mashine itazipokea.

Mwanzo waliirekodi sauti ya Waziri. Alizungumza mpaka utepe ukaisha, na wananchi waliopiga walikata simu kabla hajamaliza kujitambulisha. Bwana Ndimbo akashuka ukumbini na watu wake, wamebeba keki iliyoandikwa jina la Bi. Somoe, na doti ya kitenge. Akamwambia taifa linaiomba sauti yake. Waliimwagia sifa sauti ile mpaka mwenyewe akaanza kuisikia tofauti. Jamani, kumvika mtu kilemba cha ukoka si kazi ngumu. Ngumu ni kumkuta aliyewahi kuvikwa cha kweli. Kwa miaka yake yote pale hakuna aliyewahi kumletea hata andazi.

Akakubali. Alitaka kuanza na shikamoo, kama alivyozoea kwa watu wazima, lakini Itifaki ikakataa: dola haimwamkii raia. Basi akasema karibu Wizarani, sema, tunasikia. Akasema subiri kidogo. Akasema ahsante kwa kupiga, taifa liko pamoja nawe. Halafu Bwana Ndimbo akamwambia sasa aseme na lile neno lake.

Bi. Somoe akasita. "Hilo huwa silisemi mpaka nimeshampata mtu, Mkurugenzi."

"Na leo si umetupata? Sisi wote hawa tumekaa hapa."

Watu wakacheka. Naye akacheka, kijiko cha keki mkononi. Kisha akajiweka sawa, akalisema vizuri, kwa sauti yake ile ile ya siku zote.

Siku zikapita. Asubuhi moja alimuuliza Bwana Ndimbo mbona siku hizi mzee wa Lukumba hapigi. Akaambiwa anapiga sana, na anajibiwa. Akauliza anajibiwa na nani. "Na wewe," alisema Bwana Ndimbo, na akamgonga begani kama mtu anayempongeza. Bi. Somoe alitabasamu kwa adabu. Aliomba angalau asikilize kidogo wanasema nini. Haikuwezekana: akiigusa laini ya wananchi mwenyewe, simu ile itahesabika haijajibiwa na mashine, na takwimu zilikuwa zimenyooka, hakuna aliyependa kuzikunja.

Ikaja asubuhi ya gulio la Lukumba, wakati wa masika. Bi. Somoe alikuwa katikati ya mawaziri wawili. Waziri wake alitaka kuongea na Waziri wa Sherehe kuhusu nani akate utepe siku ya uzinduzi rasmi wa swichibodi, na hakuna aliyekubali kutangulia kwenye laini. Amekwishambembeleza huyu, anambembeleza yule, mara akaona kwa mbali, upande wa pili wa duara, taa ya wananchi inawaka nyekundu. Ilikuwa ndiyo saa ya Mzee Nalinga. Nje mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake, na miaka yote ile ilimfundisha mvua ya namna hiyo inaongea nini na mto.

Akanyoosha mkono, mkono haukufika. Akainuka, akaanza kuizunguka meza. Waziri akaita kutoka kwenye laini yake, akauliza kama yule mwenzake ameshaingia au yeye anadharauliwa. Bi. Somoe akasimama pale, nusu ya njia, kidole hewani. Angeweza kumalizia hatua zilizobaki. Hilo alilijua wakati ule na alilijua siku zote baadaye. Akarudi akaketi, akasema bado kidogo, Mheshimiwa. Alipotazama tena, taa ya wananchi imekuwa ya kijani, na kijani maana yake mtu amejibiwa. Akashusha pumzi. Alishukuru hata.

Habari zilifika mchana, zikiletwa na redio. Kamba ya Lukumba imekatika, pantoni imepinduka ikiwa imejaa watu wa gulio na mizigo yao na mbuzi wao. Wizara ilitoa tamko siku hiyo hiyo. Ilisema kwa kuwa abiria hawakuhesabiwa wakati wa kupanda, si haki kuwahesabu wakati wa kuzama. Mawaziri wale wawili walitaka kupeana pole kwa simu, kila mmoja akangoja mwenzake atangulie, na mpaka wanakwenda nyumbani walikuwa hawajapoa.

Ikaundwa tume. Ilikaa kwenye ukumbi wa Wizara, mwenyekiti wake jaji mstaafu aliyesinzia kwa heshima kubwa. Bwana Ndimbo alieleza kwamba siku ya ajali simu zote zilizopigwa zilijibiwa, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nchi iumbwe. Hata waliopiga kuomba mitumbwi ya kuokolea, kila mmoja alijibiwa, tena kwa upole, hakuna aliyekaripiwa. Na kwa sababu mashine ile huhifadhi maongezi, tume ikaomba isikie simu ya mlinzi wa kivuko. Bi. Somoe aliitwa aitambue sauti.

Kwanza ilisikika mvua ikipiga bati. Kisha sauti yake mwenyewe, tamu, haina haraka.

"Karibu Wizarani. Sema, tunasikia."

Kikapita kimya. Bi. Somoe peke yake, katika watu wote waliokuwa ukumbini, ndiye aliyejua kimya kile ni cha nini. Mzee alikuwa anangoja shikamoo yake.

"Hata leo hujaniamkia, mwanangu," alisema Mzee Nalinga. "Umezidiwa na kazi. Haya, marahaba hivyo hivyo. Sikiliza. Kamba imeanza kuachia, nyuzi zinajitokeza kama nywele za mzee. Nimeipiga pantoni mnyororo. Watu wa gulio wamejaa hapa wananisonga, wengine wananitukana, lakini sifungui mpaka uniambie umempata mhandisi."

"Subiri kidogo."

"Nasubiri, mwanangu. Nina kazi gani nyingine."

Mashine ikapiga tarumbeta za bendi ya taifa, za kumsubirisha mpigaji. Katikati ya tarumbeta mzee alisikika akiwaambia watu watulie, anaongea na Somoe. Kisha tarumbeta zikakatika.

"Nimekusikia."

Hapo mzee alivuta pumzi, ndefu, hata jaji akafumbua macho.

"Umempata mara hii? Alhamdulillahi. Na hakusema nizuie? Basi kama kajua na hajazuia, niwavushe hawa polepole, mafundi watatukuta. Ahsante, mwanangu."

"Ahsante kwa kupiga. Taifa liko pamoja nawe."

"Na wewe. Likizo ikitoka usisahau kambale wako."

Mvua ikapiga bati kidogo, kisha simu ikakatwa.

Jaji akamuuliza Bi. Somoe kama ile ni sauti yake. Akasema ni yake. Akaulizwa kama maneno ni yake. Akasema ni yake. Jaji akawageukia wenzake, akasema basi mwananchi alijibiwa, na aliyemjibu amepatikana, na amekiri. Bi. Somoe alitaka kusema kitu kingine, lakini karani alikuwa ameshafunika kalamu.

Wizara ikapewa cheti kwa usikivu uliotukuka. Mzee Nalinga, aliyeokotwa maiti mbali kule mto unakoteremkia, ilionekana amekosea kuvusha watu kwenye kamba mbovu. Bi. Somoe alistaafishwa kwa manufaa ya umma, kwa tafrija yenye mapambo ya karatasi. Alimwendea Bwana Ndimbo kumwomba lile neno tu lifutwe kwenye mashine, mengine wabaki nayo. Bwana Ndimbo alisikitika sana, akamweleza kwamba aliyestaafu ni yeye. Sauti bado iko kazini, na faili lake ni safi.

Ndipo likizo ikatoka. Bi. Somoe alikwenda Lukumba. Ng'ambo hii ya mto Wizara ilikuwa imesimamisha bango jipya, SEMA, TUNASIKIA, na chini ya bango kamba iliyokatika imelala majini inachezwa na mkondo. Akavushwa kwa mtumbwi. Nyumba ya msiba hakuiuliza kwa mtu. Alifuata wanawake waliobeba kuni, kanga kajifunika mpaka puani.

Akaingia ndani, kwa wanawake. Kila aliyempa mkono alimpa mkono, kila aliyemwambia karibu aliitikia kwa kichwa. Mdomo haukufunguka. Aliijua sauti yake ilivyo, na alijua wale wote waliokaa mkekani walipiga simu siku ile ya gulio, mmoja anauliza mume, mwingine anauliza mtoto, na wote walijibiwa. Wakamletea uji. Wakanong'ona kwamba labda mgeni ni bubu, masikini. Mama Zaituni alikuwa amekaa kwenye kona, ndani ya nguo nyeupe za eda, mwembamba, macho makavu.

"Mwacheni," aliwaambia wenzake. "Kila mtu ana namna yake ya kulia."

Hapo Bi. Somoe akashindwa. Akaitoa kanga usoni.

"Shikamoo, mama."

Aliyekuwa anapepeta mchele aliuweka ungo chini. Mwanamke wa mlangoni alimvuta mwanawe karibu. Mama Zaituni hakuitikia. Alimtazama tu, na shikamoo ile ikabaki hewani, haina pa kutua.

"Ndiye wewe," alisema baadaye.

"Ndiye mimi."

"Alitoka pale kibandani anacheka. Akaniambia, leta ufunguo wa mnyororo, Somoe kasema amenisikia. Nikampa mimi, kwa mkono wangu huu." Akautazama mkono. "Ulimsikia?"

"Sikumsikia, mama. Neno ni langu. Nililisema mbele ya keki, watu wanacheka, nikaliacha pale nikaenda zangu. Yeye mwenyewe sikumsikia."

Hakuna aliyelia wala aliyemtukana. Ingekuwa afadhali. Mama Zaituni akajisogeza kwenye mkeka, pakapatikana nafasi ya mtu mmoja.

"Basi kaa hapa. Nitakueleza mimi. Lakini ole wako uniambie umenisikia."

Bi. Somoe akakaa. Mama Zaituni akaanza kumweleza, kuanzia siku mumewe alipoona uzi wa kwanza umejitokeza kwenye kamba, akarudi nyumbani hakula. Alieleza yote, hakuruka kitu. Alipofika mwisho, yule wa ungo akasogea, akaanza kueleza ya kwake, na baada yake mwingine, na yule wa mlangoni naye akaja na mwanawe mapajani. Bi. Somoe aliwatazama mdomoni mmoja mmoja, mikono kaiweka magotini, hakutia neno. Wizarani muda huo huo taa ya wananchi ilikuwa ikibadilika kuwa ya kijani, na sauti yake ikiendelea na kazi, tamu, haina haraka.

Jua lilishapita dirishani pale wa mwisho alipomaliza. Mama Zaituni akajifuta uso kwa ncha ya nguo yake nyeupe, akamgeukia mgeni.

"Marahaba," alisema.